Plagi Inayoingia na Plagi Inayofaa: Maelezo kwa Wamiliki wa Magari ya Zamani



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia kitu kidogo kinachoenea kiganjani. Nitalitaja mapema jambo lenyewe, ili atakayelazimika kuondoka kabla ya mwisho asiondoke mikono mitupu: plagi inayoingia kwenye injini si lazima iwe plagi inayoifaa injini hiyo. Mlaji huenda dukani na plagi kuukuu mkononi. Muuzaji huitazama, akatoa nyingine inayofanana nayo. Fundi huijaribu, nayo huingia bila taabu, na wote watatu wakaridhika kwa sababu gari limewaka. Miezi kadhaa baadaye nyuzi za kichwa cha silinda zang'oka pamoja na plagi, au pistoni yatoboka, na hakuna hata mmoja wao anayeikumbuka siku ile ya dukani.

Kwa mwenye gari jipya hasara ya namna hiyo ni kubwa, lakini hupona, maana vipuri vyake vimejaa madukani. Kwa mwenye gari la miaka ya 1960 mambo ni mengine. Magari haya hayakuja kwetu kuwa mapambo. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Volkswagen Beetle ilikuwa imeshinda kabla yake, mwaka 1954, 1957 na 1962. Watu walinunua magari waliyoyaona yakivuka matope na vumbi la nchi zao wenyewe. Yaliyobaki leo ni urithi wa familia, na mengine, hasa Land Rover za mashambani, bado yanafanya kazi kila siku. Plagi nne za kawaida zina bei ndogo kuliko tangi moja la petroli. Kichwa cha silinda cha Peugeot 404 kilichopasuka hakitafutwi kwa pesa tu, hutafutwa kwa miezi, na pengine kisipatikane. Ndiyo maana shughuli inayoonekana ndogo namna hii imeingizwa katika mafunzo ya walaji.

Tuanze na kazi yenyewe. Katika injini ya mipigo minne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa kila sekunde. Kila cheche huhitaji umeme wa maelfu ya volti, mara nyingi zaidi ya 10,000, ili uruke mwanya usiofikia milimita moja. Kauri nyeupe mnayoiona imewekwa kuuzuia umeme huo usitafute njia nyingine ya kukimbilia. Papo hapo plagi hufanya kazi ya pili isiyozungumzwa sana: hupokea joto la moto unaowaka ndani na kulipitisha kwenye kichwa cha silinda. Ikilipitisha haraka mno, ncha yake hubaki baridi na kushika masizi. Ikilichelewesha, ncha hugeuka kaa la moto.

Jambo la kwanza la kuangalia ni urefu wa sehemu yenye nyuzi. Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote, kwa kuwa unene na urefu ni vipimo viwili tofauti, na macho ya mnunuzi huridhika na unene. Plagi nyingi za magari ya zamani zina unene wa milimita 14. Lakini Volkswagen Beetle hutumia plagi yenye nyuzi za urefu wa milimita 12.7, yaani nusu inchi, hali Austin Mini na MGB hutumia zenye urefu wa milimita 19. Plagi ya Mini itaingia katika kichwa cha silinda cha Beetle kwa ulaini kabisa, kwa sababu unene ni uleule na nyuzi ni zilezile. Itakapofika mwisho, zaidi ya milimita sita za chuma chenye nyuzi zitakuwa zimechomoza ndani ya chumba cha kuwakia moto. Hapo lolote kati ya mambo matatu laweza kutokea. Plagi yaweza kugongwa na pistoni au valvu. Nyuzi zilizochomoza zaweza kupata moto hadi kuiwasha petroli kabla ya wakati wake. Au, na hili ndilo linalotokea kimyakimya, zitagandwa na masizi magumu, na siku ya kuifungua plagi zitayakwangua meno ya aluminiamu ya kichwa cha silinda na kutoka nayo.

Kinyume chake nacho ni kibaya, ingawa hakina haraka. Plagi fupi ikifungwa mahali pa ndefu, cheche hurukia ndani ya shimo badala ya kurukia penye mchanganyiko wa hewa na petroli. Injini humisi, hula mafuta, na nyuzi zilizobaki wazi hujaa masizi. Siku mtakaporudisha plagi ya urefu sahihi, haitaingia hadi mwisho bila kulazimishwa.

Jifunzeni basi kuisoma namba ya plagi, angalau ya aina mnayoitumia. Chukueni plagi mbili za NGK zinazoonekana kama pacha, moja imeandikwa B6HS na nyingine BP6ES. Herufi B ni ya unene wa milimita 14. Herufi P katika ile ya pili inaonyesha kwamba ncha ya kauri imechomoza zaidi. Tarakimu 6 ni kiwango cha joto. Herufi inayofuata tarakimu ndiyo ya kushikwa kwa makini: H ni urefu wa milimita 12.7, E ni urefu wa milimita 19. Ya kwanza ni ya ukoo wa Beetle, ya pili ni ya ukoo wa Mini. Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha matengenezo ya kawaida na gharama ya kuchonga nyuzi upya, na herufi hiyo imeandikwa kwa wino mdogo ambao katika duka lenye mwanga hafifu husomwa na wachache.

Sambamba na urefu kuna namna ya kukaa. Plagi nyingi hukaa juu ya wosha, na uso wake wa chini ni bapa. Nyingine, zikiwamo zile za baadhi ya injini za Ford za miaka ya 1970, hazina wosha. Zimechongwa mshazari na huziba kwa kubanana na mshazari wa kichwa cha silinda. Hizi mbili hazibadilishani. Fundi anayewaambia ataongeza wosha ili mambo yakae sawa mshukuruni, kisha mumnyang'anye spana.

Nije kwenye kiwango cha joto, ambacho kimezua maneno mengi kuliko ukweli wake. Plagi iitwayo ya moto haiongezi joto la injini, wala iitwayo ya baridi haiipoozi. Majina hayo yanaieleza ncha ya plagi yenyewe. Plagi ya moto ina pua ndefu ya kauri, hivyo joto husafiri mwendo mrefu kabla ya kutoka. Ya baridi ina pua fupi. Lengo ni ncha ikae kati ya takriban nyuzijoto 450, ambapo masizi huungua yenyewe, na takriban 850, ambapo hatari ya petroli kuwaka kabla ya cheche huanza kukaribia. Gari la mjini linalokwenda polepole katika foleni huweza kuvumilia plagi ya moto kidogo. Gari linalopanda milima na mzigo halistahili kujaribiwa hivyo. Mtu akibaki njia panda kati ya namba mbili zilizo jirani, naona heri achague ile ya baridi zaidi: plagi iliyoshika masizi husafishwa, pistoni iliyotoboka haisafishwi.

Sasa sikilizeni kero ambayo viwanda vimetuachia. Katika namba za NGK na Denso, tarakimu inapokua plagi huwa ya baridi zaidi. Katika namba za Champion na za Bosch za siku hizi, tarakimu inapokua plagi huwa ya moto zaidi. Bosch wenyewe zamani walihesabu kinyume na wanavyohesabu leo. Kitabu cha Beetle cha miaka ya 1960 hutaja W145T1; plagi hiyo leo huitwa W8AC. Ile iliyoitwa W175T1, iliyokuwa ya baridi zaidi, leo ni W7AC. Tazameni jinsi tarakimu moja ilivyopanda na nyingine ilivyoshuka. Kwa hiyo mtu anayeomba dukani “namba moja juu zaidi” hajasema lolote mpaka ataje kiwanda, na wakati mwingine mpaka ataje enzi. Tumieni jedwali la ulinganisho lililotolewa na kiwanda chenyewe. Msikubali ulinganisho wa kichwani, hata ukitoka kwa mtu mwenye sifa njema.

Wenye Land Rover za injini ya petroli ya lita 2.25 wana neno lao la pekee. Injini hiyo ilitengenezwa kwa mgandamizo wa aina mbili, 7 kwa 1 na 8 kwa 1, na gari ambalo limebadilishwa kichwa cha silinda mara mbili tatu katika maisha yake laweza kuwa na mgandamizo usiolingana na kitabu kilichomo kwenye droo. Kagueni kilichofungwa kabla ya kuamini kilichoandikwa.

Mwanya kati ya ncha mbili hauchukui muda mrefu kuueleza. Beetle huhitaji takriban milimita 0.7, na Land Rover niliyoitaja huhitaji milimita 0.75 hadi 0.8. Plagi mpya nyingi hutoka kwenye pakiti zikiwa na mwanya mpana zaidi, kwa kuwa zimekusudiwa magari yenye mitambo ya cheche yenye nguvu kuliko koili ya mwaka 1965. Pimeni kwa fila geji, na mpinde ncha ya pembeni pekee. Ile ya kati ikisukumwa, kauri hupata ufa usioonekana. Gari lililofungwa mtambo wa gesi asilia, kama yalivyo mengi Dar es Salaam siku hizi, huhitaji umeme mkali zaidi ili cheche iruke, na kwa kawaida mwanya wake hupunguzwa. Ulizeni aliyeufunga mtambo.

Herufi R ndani ya namba huonyesha kwamba plagi ina kizuizi cha umeme cha kutuliza mikwaruzo ya redio. Gari lenye pointi na waya za zamani halikukihitaji, wala halidhuriki nacho kwa kiasi cha kutisha, ingawa vizuizi vikirundikana, kwenye plagi, kwenye kofia ya plagi na kwenye waya, cheche hufifia, hasa gari linapowashwa asubuhi. Ila aliyeondoa pointi na kufunga mtambo wa elektroniki afuate maagizo ya mtambo huo, kwa sababu mingi kati yake huvurugwa na plagi isiyo na kizuizi.

Naulizwa kila mara kuhusu plagi za iridiamu na platinamu, ambazo bei yake huweza kuwa mara kadhaa ya bei ya plagi ya kawaida. Ni bidhaa nzuri. Ncha yake ni nyembamba, haichakai upesi, na ziliwafaa watengenezaji wa magari ambayo plagi hukaa kilomita 100,000 bila kuguswa. Lakini mwenye Peugeot 404 ataifungua plagi yake kila baada ya kilomita 5,000 kuikagua, na ataibadilisha ikifika kilomita 15,000 au 20,000. Huyo analipia uvumilivu ambao hatautumia. Nguvu ya ziada haipo. Maduka yanayoiahidi yanauza ahadi.

Tufike mahali ambapo plagi humsaidia mwenye gari kwa namna nyingine. Plagi iliyotumika ni barua kutoka ndani ya injini, na rangi yake husomeka. Rangi ya kahawia nyepesi au kijivu ni dalili njema. Masizi makavu meusi huonyesha petroli nyingi au ncha isiyopata joto. Weusi wenye unyevu wa mafuta huonyesha oili inayopenya kwenye ringi au valvu. Weupe mkavu wenye vipele huonyesha joto la kupita kiasi. Ila vitabu vyenu viliandikwa wakati petroli ilikuwa na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo ifikapo mwaka 2006, na petroli ya leo huacha rangi hafifu zaidi. Anayetafuta ile kahawia iliyokolea ya kitabuni anaweza kuongeza mafuta kwenye kabureta bila sababu.

Mwinuko wa nchi nao hudanganya. Gari lililopangwa vizuri Dar es Salaam, usawa wa bahari, likipelekwa Arusha kwenye mita 1,400, au Nairobi karibu na mita 1,800, hukuta hewa nyepesi. Kabureta haijui hilo. Huendelea kumimina petroli ileile, na plagi huwa nyeusi. Mwenye gari hununua plagi za moto zaidi, masizi yakapungua, naye akadhani ametibu. Kisha anateremka pwani kwa mwendo wa kasi, mzigo umejaa, na plagi zile za moto. Ugonjwa ulikuwa wa kabureta, na dawa yake ni jeti.

Katika Beetle, msizisome plagi nne kama kwamba zote zina hali moja. Katika magari ya kabla ya mwaka 1971, kipoozeo cha oili kimesimama katika njia ya hewa ya silinda namba tatu, hivyo silinda hiyo huwa na joto kuliko wenzake. Plagi yake ikiwa nyeupe kuliko nyingine, anzeni na hewa: je, raba za mviringo kwenye kofia za waya za plagi zipo? Raba hizo huziba matundu ya mabati yanayoongoza hewa. Mafundi wengi huziona kama urembo na kuzitupa, kumbe pasipo nazo hewa ya kupoozea injini huvuja. Ni kipuri cha bei ndogo mno, nami ningemwomba kila mwenye Beetle azikague leo jioni.

Plagi pia husingiziwa. Injini ikimisi, jambo la kwanza analoambiwa mlaji ni kununua plagi mpya, kwa kuwa ndicho kipuri rahisi kuuza. Pointi zilizoungua, kondensa iliyochoka, kofia ya distribyuta yenye ufa, waya zilizokauka, koili inayokufa ikipata joto: vyote hivi huleta dalili hiyohiyo. Jaribio halina gharama. Hamisheni plagi ya silinda inayomisi, ipelekeni kwenye silinda nyingine. Tatizo likiifuata, nunueni plagi. Likibaki palepale, wekeni pesa mfukoni na mwendelee kutafuta.

Kuhusu kufunga, injini na iwe imepoa, hasa yenye kichwa cha aluminiamu. Pulizeni vumbi kandokando ya plagi kabla ya kuifungua, maana mchanga ukiingia ndani hautoki kwa maombi. Plagi mpya izungushwe kwa vidole hadi ikae. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja, imeingia upande, irudisheni nyuma. Ikishakaa, yenye wosha mpya hukazwa kwa nusu hadi theluthi mbili za mzunguko. Yenye wosha uliokwisha kubanwa huhitaji kiasi cha sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, na ile ya mshazari, isiyo na wosha, sehemu moja tu ya kumi na sita. Spana ndefu na mkono wenye nguvu ni maadui wa vipimo hivi.

Limebaki suala la bidhaa bandia. Mfanyabiashara mwaminifu huweza kuuziwa bandia naye akaiuza bila kujua, kwa hiyo tusianze kwa shutuma. Ikagueni bidhaa. Maandishi kwenye kauri yakisuguliwa kwa kidole chenye unyevu hayapaswi kufutika. Nyuzi za plagi halisi ni laini na zina mng'ao sawa. Ncha ya pembeni hukaa sawasawa juu ya ile ya kati, na mahali ilipochomelewa hapana uvimbe. Wosha wa plagi halisi umebanwa usidondoke plagi ikipinduliwa. Fungueni pakiti zote nne dukani, si moja. Plagi nne zenye maandishi ya aina mbili, au zenye tofauti ya rangi ya chuma, zirudishwe palepale.

Daini risiti ya EFD, na muombe aina na namba kamili ya plagi iandikwe juu yake. “Plagi nne” pekee haimsaidii mtu. Kama bidhaa ina kasoro au mnashuku ni bandia, msiitupe: hifadhini plagi, pakiti na risiti pamoja, mrudi kwanza kwa muuzaji. Asiposikiliza, hapa Tanzania Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayohusu bidhaa bandia. Wanaonunua vipuri vyao Kenya wana Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyotokana na sheria ya mwaka 2008. Lalamiko lenye plagi na risiti hushughulikiwa. Lenye maneno matupu husikilizwa kwa heshima tu.

Juu ya meza iliyo karibu na mlango zimewekwa plagi kumi na mbili zilizotumika, pamoja na fila geji na rula. Baadhi ni za nusu inchi, baadhi ni za milimita 19, na moja ina ufa kwenye kauri. Namba zake zimefunikwa kwa karatasi. Karibuni mzishike, mzipime, mjaribu kuzisoma, kisha tutaziondoa karatasi hizo pamoja na kupokea maswali.